Farasi Saba kwa Uso wa Delilah

Kuna hukumu moja katika filamu ya Unforgiven, ile ya Clint Eastwood ya mwaka 1992, ambayo watu wengi kwenye kibanda cha video hawaitilii maanani, maana wakati huo bunduki bado hazijaanza kulia. Tuko kwenye mji mdogo wa Big Whiskey, huko Wyoming, mwaka 1880. Usiku, ndani ya danguro, kauboi mmoja anamkatakata uso kwa kisu mwanamke anayeitwa Delilah. Kosa la Delilah ni kwamba alipomwona yule bwana bila nguo, alicheka kidogo. Basi.

Sherifu anafika, jina lake Little Bill. Kwanza anaagiza mjeledi. Halafu mwenye danguro, Skinny, anatoa karatasi ya mkataba. Huyu mwanamke alimgharamia mwenyewe kumleta kutoka Boston, na sasa nani atalipa pesa kulala na mwanamke mwenye uso wa makovu? Sherifu anaelewa haraka. Hili si shauri la damu tena, ni shauri la mali. Anaamuru aliyekata alete farasi watano, na mwenzake aliyekuwa naye usiku ule alete wawili, baridi ikiisha. Farasi saba. Wote wa Skinny.

Delilah amelala, wenzake wanamtibu. Hakuna anayemuuliza kitu.

Nimeandika kwa sababu ya hao farasi. Tumebishana mara nyingi hapa Kakuma kuhusu filamu za namna hii, kama zinafaa kuonyeshwa au hazifai, kama zinafundisha vijana ukatili au zinawaonyesha ubaya wake, na ubishi huwa unaishia kwenye damu: damu ni nyingi, damu ni kidogo. Mimi naona tunahesabu kitu ambacho si chenyewe.

Kwanza nieleze ni filamu gani. Zile za kauboi za zamani tunazijua hata kama hatukuziona zote. Stelingi ana kofia safi. Wenyeji wa nchi ile, ambao filamu ziliwaita Wahindi Wekundu, wanakuja wakipiga kelele na kuanguka kutoka kwenye farasi. Mwanamke anangoja mlangoni. Kuanzia mwaka 1934 mpaka 1968 studio za Hollywood zilijifunga kwa masharti yaliyoitwa Kanuni ya Hays, na mambo mengi hayakuruhusiwa kuonekana. Mtu anapigwa risasi, anashika tumbo, anaanguka, hata shati halichafuki. Kanuni ilipoondoka, na Wamarekani wakiona vita vya Vietnam kwenye televisheni zao jioni kwa jioni, wakatokea watengenezaji waliosema sasa tuseme ukweli. Nchi ile ilijengwa kwa kuua. Stelingi alikuwa mlevi, mwizi, mtu wa kulipwa aue. Mwenyeji alikuwa na nyumba na watoto. Mimi naziita filamu za kusahihisha, kwa sababu ndicho zilichotaka: kuchukua hadithi ya zamani na kupiga mstari mwekundu palipo na uongo.

Na zilisahihisha kweli. Zilimsahihisha mzungu mwenye bunduki. Zilimsahihisha mwenyeji, ingawa nusu nusu. Zilisahihisha hata risasi yenyewe, ikaanza kutoboa nyama. Swali langu ni kama zilimfikia mwanamke.

Mwalimu mmoja wa sekondari hapa, mtu ninayemheshimu na aliyesoma kuliko mimi, anasema kuonyesha si kusifu. Ukitaka watu wachukie kisu lazima wakione kikikata. Filamu ya zamani iliyoficha damu ndiyo ilidanganya, kwa sababu iliwafanya watu waamini kuua ni jambo safi. Mama mmoja aliyekuwa amekaa nasi akamjibu hivi: “Mwalimu, wewe unaongea juu ya filamu. Mimi naongea juu ya benchi. Pale kwenye benchi nimekaa na vijana, na yule mwanamke alipopigwa, walicheka. DJ mwenyewe akaongeza chumvi.”

Wote wawili wana haki, ila hawazungumzii kitu kimoja. Mwalimu anauliza filamu inasema nini. Mama anauliza inafanya nini kwa watu waliokaa pale. Na DJ naye asisahaulike. Sisi wengi hatuzioni filamu hizi kama zilivyotoka Marekani. Tunaziona zikiwa na sauti ya mtu wetu juu yake, anayetafsiri, anayepa watu majina ya mtaani, anayetia mzaha mahali ambapo filamu yenyewe ilinyamaza. Sekunde tatu za kimya juu ya uso wa mwanamke, DJ hawezi kuziacha hivihivi. Kazi yake ni kuongea.

Basi mimi natumia kipimo kingine. Sihesabu damu. Naangalia: baada ya mwanamke kuumizwa, filamu inaondoka na nani? Inabaki naye, au inapanda farasi na mwanaume anayeenda kulipiza?

Chukua The Searchers ya John Ford, ya mwaka 1956. Ni ya kabla ya wasahihishaji, lakini wao wenyewe wanaiheshimu kama baba yao, kwa sababu stelingi wake, John Wayne, tayari ameoza moyoni. Anamtafuta binti wa kaka yake aliyechukuliwa na Wakomanchi, anamtafuta miaka, na tunaanza kuelewa kwamba nia yake si kumwokoa. Anataka kumuua, kwa sababu ameishi na wale watu na kwa macho yake ameshachafuka. Kwa filamu ya wakati ule, hilo lilikuwa jambo zito kulisema. Lakini ndani ya filamu hiyohiyo kuna mwanamke Mkomanchi wanayemwita Look. Kijana anayesafiri na John Wayne anamnunua bila kujua; alidhani ananunua blanketi, kumbe ameoa. Usiku mwanamke analala pembeni yake, kijana anampiga teke, mwanamke anabiringika mpaka chini ya mteremko, na John Wayne anacheka. Tunatakiwa tucheke naye. Baadaye wanamkuta Look amekufa kwenye kijiji kilichovamiwa na wanajeshi. Hapo tunatakiwa tuhuzunike kidogo, na safari inaendelea.

Filamu iliyojua kabisa kwamba chuki ya stelingi ni ugonjwa haikujua kwamba lile teke ni sehemu ya ugonjwa huohuo.

Hadithi ile watu wengi huihusisha na mwanamke wa kweli, Cynthia Ann Parker. Alichukuliwa na Wakomanchi huko Texas mwaka 1836 akiwa mtoto wa miaka kama tisa. Alikulia kwao, akaolewa, akazaa. Mwaka 1860 wanajeshi walimkamata pamoja na kitoto chake cha kike wakamrudisha kwa ndugu zake, na wazungu wakaiita siku ile ukombozi. Yeye alijaribu kutoroka arudi kwa wanawe wa kiume. Kitoto kilikufa, naye akafa baada ya miaka kadhaa, bila kuwaona tena. Mmoja wa wanawe, Quanah Parker, alikuja kuwa kiongozi mkubwa wa Wakomanchi. Filamu inamaliza binti akiingia nyumbani na mlango ukifungwa. Maisha ya Cynthia Ann yaliharibika zaidi baada ya mlango kufungwa. Wapo hapa kambini dada waliochukuliwa msituni na makundi yenye silaha wakarudi na watoto, na wanajua kwamba kurudi si mwisho wa hadithi. Ile ndiyo filamu ambayo hakuna aliyeitengeneza, kwa sababu ndani yake hakuna mwanaume wa kumfuata.

Sasa Soldier Blue, ya mwaka 1970, yenye damu kuliko zote. Mwisho wake unaonyesha mauaji ya Sand Creek, huko Colorado, tarehe 29 Novemba 1864. Mauaji hayo ni ya kweli. Kanali John Chivington na askari wake walivamia kambi ya Wacheyenne na Waarapaho waliokuwa wameambiwa kwamba wakipandisha bendera ya Marekani watakuwa salama. Bendera ilikuwa juu. Wengi waliouawa walikuwa wanawake, watoto na wazee, na askari walikata viungo vya maiti wakavionyesha mjini Denver kama nyara. Nahodha mmoja, Silas Soule, alikataa kuwaamuru watu wake wapige risasi, akatoa ushahidi, na mwaka uliofuata akapigwa risasi akafa barabarani Denver. Bunge la Marekani lilichunguza. Hakuna aliyefungwa.

Filamu ilitoka wakati Wamarekani wamejua karibuni tu mauaji ya My Lai kule Vietnam, na kila mtazamaji alielewa wanaongelea nini. Kwa hiyo nia ilikuwa njema, tena ya ujasiri. Lakini angalia imetengenezwaje. Muda mrefu tunasafiri na mwanamke mzungu na askari kijana, wanagombana, wanapendana, kuna vichekesho. Halafu mwishoni wanawake wa Kicheyenne wanaletwa mbele ya kamera wabakwe na wakatwe. Hatujui jina la hata mmoja wa hao. Hatukuwaona wakipika wala wakigombana na wakwe. Wamekuja kufa tu. Ukweli wa Sand Creek umesemwa, na aliyesemewa amebaki bila jina. Ukiuliza filamu ilimchukulia yule mwanamke kama nini, jibu ni kama ushahidi dhidi ya jeshi. Ushahidi ni kitu muhimu, sikatai. Lakini mtu aliyefanywa ushahidi peke yake hana tofauti kubwa na farasi wa saba.

Clint Eastwood mwenyewe ni mfano mzuri, kwa sababu ametengeneza pande zote mbili. Mwaka 1973 alitoa High Plains Drifter. Mgeni asiye na jina anaingia mjini, na filamu haijaenda mbali kabla hajamburuta mwanamke ghalani na kumbaka, kwa sababu alimtukana. Na filamu inaonyesha kana kwamba mwanamke katikati ya kitendo alianza kufurahia. Huo ndio uongo wa zamani kuliko wote, na uliwekwa ndani ya filamu iliyotaka kufichua unafiki wa mji wa kauboi. Wakati ule watu waliiita filamu ya giza, ya kufikirisha. Miaka 19 baadaye mtu huyohuyo anatengeneza Unforgiven, nayo inapata tuzo nne za Oscar, moja ikiwa ya filamu bora. Safari ni ndefu kutoka ghala lile mpaka kwenye kitanda cha Delilah.

(Quentin Tarantino simpi nafasi kubwa. Katika The Hateful Eight ya mwaka 2015 mwanamke mfungwa anapigwa usoni tangu mwanzo, na kila kipigo kimepangwa kama pigo la kichekesho. Watetezi wake wanasema ni muuaji kama wenzake, kwa hiyo ni usawa. Sawa. Lakini uso unaobaki na damu iliyokauka mpaka mwisho ni wa nani?)

Turudi Big Whiskey, kwa sababu huko ndiko mambo yalipo.

Wanawake wa danguro wanakataa hukumu ya farasi. Mkubwa wao, Alice, anakasirika kwa haki kabisa: hatutakubali kuhesabiwa kama mifugo. Wanakusanya akiba zao, wanatangaza dola 1,000 kwa atakayewaua wale kauboi wawili. Hapo nusu ya benchi inashangilia, na mimi naelewa kwa nini. Mahali pasipo na mahakama, mtu anatafuta namna. Lakini hata pale wanapochanga pesa, Delilah hasemi kitu cha maana. Mmoja wa wenzake anagusia kwamba mwenyewe wala haonekani kutaka, na maneno hayo yanazimwa. Hasira ya Alice ni ya haki, na imempita Delilah vilevile kama farasi walivyompita.

Halafu kuna yule kauboi wa pili, kijana, aliyeitwa amshike Delilah na ambaye baadaye anaonekana kujuta. Anapoleta farasi wa fidia, analeta mwingine wa ziada, mzuri kuliko wote. Huyu si wa Skinny, anasema ni wa yule dada aliyekatwa. Ndiyo mara ya kwanza mtu kumwelekezea Delilah mwenyewe kitu chochote. Wanawake wanamrushia matope mpaka anaondoka. Kamera inamwangalia Delilah kwa muda. Hasemi. Angempokea yule farasi? Angemsamehe kijana? Au angemtemea mate kuliko wote? Hatutajua. Kijana anakuja kuuawa kwa risasi ya tumbo, polepole, akiomba maji. Mimi hapo ndipo naona Eastwood alikuwa anajua anachofanya. Angeweza kuiondoa ile sura ya Delilah, hakuna ambaye angeikosa. Aliiacha.

Na kuna jambo la pili aliloliona vizuri zaidi ya mtu yeyote. Jeraha la Delilah linakua. Yeye amekatwa usoni. Ni makovu, ni maumivu ya kweli. Lakini habari inapopita mdomo kwa mdomo mpaka kwa wale wauaji wa kukodi, inakuwa macho yametobolewa, masikio yamekatwa, hata matiti. Kila mwanaume anayepokea habari anaongeza kidogo, kwa sababu kila mmoja anahitaji sababu kubwa ya kutosha kwa kile anachotaka kufanya, yaani kuua na kulipwa. Kovu la kweli halitoshi. Munny, muuaji mzee, anapokutana naye uso kwa uso baadaye, anamkuta msichana mwenye makovu, ana macho yote mawili, na anataka kuongea.

Watu wa mashirika mtanisamehe, lakini hapo nilifikiria meza zenu. Dada anaeleza yaliyompata kwa mlinzi, kisha kwa mtafsiri, kisha kwa daktari, kisha kwa ofisa wa ulinzi, kisha kwa yule anayekuja na kamera mwezi wa wafadhili. Anajifunza, bila mtu kumfundisha, ni sehemu ipi ya hadithi inayomfanya anayeandika ainue kichwa. Sisemi anadanganya. Nasema meza inamwambia kovu lake lilivyo halitoshi. Halafu anapotaka kuongea juu ya jambo lingine, mashine ya kushona aliyoiacha Uvira, au mtoto anayefeli hesabu, dakika zimeisha.

Na sisi tuliokaa chini ya mti tusijifanye watakatifu. Farasi saba tunawajua. Binti ameharibiwa, wazee wa pande mbili wanaitwa, upande wa kijana unakuja na mbuzi au na pesa au na ahadi ya kuoa, baba wa binti anapokea, watu wanashikana mikono, wanasema tumemalizana nyumbani, amani imerudi. Binti yuko jikoni anachemsha chai ya wageni. Kenya ina Sheria ya Makosa ya Kingono tangu mwaka 2006, na Kongo ilirekebisha sheria yake ya jinai mwaka huohuo kwa sababu ya ubakaji wa vita. Kwa sheria hizo zote mbili, hili si deni kati ya baba na baba. Najua polisi ni mbali, kesi ni ndefu, na familia zitaendelea kuchota maji kwenye bomba moja. Wazee wanaomalizana si watu wabaya. Wengi wao wanataka tu usiku upite bila panga kutoka. Little Bill naye, ukimsikiliza vizuri, anasema kitu kama hicho: damu imetosha kwa usiku mmoja. Ndiyo maana ile hukumu inatisha. Haitolewi na shetani. Inatolewa na mtu anayejenga nyumba yake na kutaka mji utulie, na inaonekana kama busara mpaka uulize farasi wanaenda kwa nani.

Sasa udhaifu wa filamu. Muda wote inatuambia kuua ni kazi chafu. Kijana anayejifanya jasiri analia baada ya kumuua mtu wake wa kwanza, aliyekuwa chooni. Halafu Ned, rafiki wa Munny, mtu mweusi, anakamatwa na kupigwa mjeledi mpaka afe. Munny anakunywa pombe aliyoiacha miaka mingi, anaingia baa usiku wa mvua na kuwaua watu, Skinny wa kwanza. Na hapo kibanda chote kinasimama. Nimeona wazee wakipiga makofi. Stelingi tuliyemngoja amefika, na yale mafundisho yote ya kulia na kujuta yamesahaulika kwa dakika tano.

Makofi ni ya nani? Ni ya Ned. Deni la Delilah lilishamalizwa kwa dola, mchana, pembeni ya mji. Mvua na radi na muziki vimewekwa akiba kwa ajili ya urafiki wa wanaume. Akiondoka, Munny anawatishia watu wa mji wasiwaguse tena wale wanawake, na tunaonyeshwa Delilah amesimama kwenye mvua akimwangalia. Basi. Mke wa Ned, mwanamke mwenyeji anayeitwa Sally, tulimwona mwanzoni akiwaangalia wanaondoka. Hakupewa neno hata moja la kusema katika filamu nzima. Mume wake ndiye aliyekufa.

Kwa hiyo kwa kipimo changu, Unforgiven inabaki na mwanamke mpaka katikati ya njia, halafu inapanda farasi. Bado ni mbali zaidi ya nyingine.

Ipo moja inayobaki mpaka mwisho. Meek’s Cutoff, ya Kelly Reichardt, mwaka 2010. Familia tatu zinavuka jangwa la Oregon mwaka 1845 kwa mikokoteni, kiongozi wao amepotea njia na hataki kukubali, maji yanaisha. Wanaume wanapojadili waende wapi, wanasogea pembeni, na kamera inabaki na wanawake. Tunasikia sauti za wanaume kwa mbali, neno hapa neno pale, kama wanawake wenyewe wanavyosikia. Nilipoiona nilifikiria mikutano yetu mingi. Wanawake wanasaga kahawa kabla jua halijatoka, wanakusanya kuni. Wanamkamata mwenyeji mmoja, kiongozi anataka kumuua, na mwanamke mmoja, Emily, anakichukua kiatu cha yule mfungwa kilichochanika na kukishona. Hafanyi kwa huruma, anasema wazi: anataka awe na deni kwake. Baadaye anamwelekezea kiongozi bunduki. Haipigwi. Filamu inaisha bila kutuambia kama maji yalipatikana.

Mwalimu aliniambia hiyo si filamu, ni usingizi. Ukiiweka kibandani, baada ya dakika kumi watu wataomba kung fu, na sina jibu la kumpa. Kinachotuweka kwenye benchi ni kilekile kinachomwondoa mwanamke kwenye hadithi: mwendo, kisasi, farasi anayekimbia. Kukaa na aliyeumizwa ni polepole. Hakuna muziki wake. Hilo ni tatizo la Hollywood, na ni tatizo letu sisi tunaolipa kiingilio.

Yule mama wa benchi anataka filamu hizi zifungiwe kwa watoto, na hapo niko upande wake. Mtoto wa miaka kumi hana shughuli na usiku ule wa Big Whiskey. Kwa wakubwa, mimi nasema zionyeshwe, lakini DJ anyamaze mahali fulani. Nimemwomba mwenye kibanda kimoja tuweke Unforgiven siku ya Jumapili mchana, wakina mama waingie bure, na filamu isimame pale sherifu anapohesabu farasi. Iwake taa. Kila mtu aseme yeye angeamua nini, wazee waanze, halafu wasichana, au kinyume chake, tutapiga kura. Ameniambia ukisimamisha filamu katikati watu watadai pesa zao. Nikamwambia kiingilio cha siku hiyo nitalipa mimi na Mwalimu. Bado anafikiria. Anauliza pia nani atalipa mafuta ya jenereta wakati watu wanaongea.